Je, Wajua? Shokapu Nazo Huchoka

Kwamba gari litokalo Karatu na kupita lango la Lodoare, likiambaa ukingo wa kreta ya Ngorongoro hata kuishika njia ya vumbi iendayo Serengeti, hupigwa na matuta madogo yaliyofuatana mithili ya mabati, na kwamba shokapu, ambazo kazi yake ni kuutuliza mruko wa springi, hupata joto kwa kupanda na kushuka pasi na kupumzika, hata mafuta yaliyomo ndani yakafanya povu, na gari, ilhali springi zake ni nzima, likaanza kuhama ubavu kwenye kona kwa kuwa tairi haikai tena chini?

Fundi stadi huitambua ila hiyo kwa kiganja. Baada ya mwendo mrefu huzipapasa shokapu zote nne, kwa hadhari, na ile iliyo baridi kuliko wenzake ndiyo aghalabu iliyokufa, kwani isiyofanya kazi haipati joto.

Wala gari la michezo halisalimiki. Datsun 240Z, iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973, ni jamii ya magari ambayo kwenye lami huinamishwa na kukazwa springi ili yakate kona vyema; walakini kwenye mashimo na mawe sharti yainuliwe, na springi zipewe nafasi ya kutosha ya kucheza, ijapokuwa wepesi wa konani hupungua.