Mkubwa na Rafiki Yake

Je, urafiki wa mkubwa wa serikali na mfanyabiashara ni dhambi? Urafiki peke yake, hapana. Dhambi huanza pale mali ya wote inapopitia mkono wa rafiki mmoja.

Tutazame jambo la inchi yetu. Tarehe 21 Desemba 2017 serikali ya Marekani ilimpa azabu Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli. Ilisema alitumia urafiki wake na Rais Joseph Kabila ili awe mtu wa katikati katika uuzaji wa madini, na kwamba toka 2010 mpaka 2012 Kongo ilipoteza zaidi ya dola 1,360,000,000. Yeye alikana. Kisha akalipa watu wa kumsemea Washington: Januari 2021 azabu ililegezwa, Machi 2021 ikakazwa tena.

Katiba ya 2006, kifungu 58, inawapa Wakongo wote haki ya kufaidi utajiri wa taifa. Basi mkubwa ni mtunzaji, si mwenye mali.

Hapa Kamina tuwafundishe wakristu maulizo matatu: Nani anauza? Kwa bei gani? Mbele ya nani? Na mkubwa akilipa kanisa mabati, tuulize vilevile: mali hii yatoka wapi?