Usingizi Umekwenda Wapi?

Tulipokwenda kumjulia hali mama mmoja wa kikundi chetu ambaye hakuonekana kwa majuma matatu, tulitegemea kumkuta na malaria au presha. Tulimkuta ameketi barazani, macho mekundu, mikono ameilaza mapajani. Chai aliyotuandalia ilitiwa chumvi badala ya sukari. Alipoonja mwenyewe alicheka, kisha akaanza kulia. "Dada zangu," alisema, "mimi siumwi popote. Ila tangu mwezi wa pili silali." Akaingia ndani, akatuletea pakiti ndogo ya vidonge na kutuuliza kama tungeweza kumpatia vyenye nguvu zaidi, kwani viwili kwa usiku havimtoshi tena.

Vilikuwa vidonge vya diazepam, ile ambayo wengi huiita Valium, na alikuwa akiuziwa dukani bila cheti cha daktari. Kwa vile baadhi yetu ni wauguzi, hatukuweza kumpa jibu la kumridhisha tu na kuondoka. Tulikaa hadi jioni. Yale tuliyozungumza naye tumeona tuyaandike hapa, maana kila tunapogusia usingizi mbele ya akina mama, wawili watatu hubaki nyuma ili watuulize faraghani.

Deni la usiku

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mama bora ni yule anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Anayekaanga maandazi huamka saa tisa usiku, na pengine huyo huyo alilala saa sita akimsubiri mzee arudi. Hizo ni saa tatu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Kwa hiyo yule binti anayelala saa tano usiku baada ya kuosha vyombo, kisha anaamshwa saa kumi alfajiri ili awahi basi, msimwite mvivu anaposinzia darasani.

Na sisi wauguzi tusijifanye wajuzi. Miaka mingi iliyopita, tukiwa katika usiku wa tano mfululizo wa zamu, tulivuta kwenye sindano dawa ya mgonjwa wa kitanda cha saba tukaenda nayo kitanda cha tisa. Aliyetuokoa ni mgonjwa mwenyewe. "Sista, mbona mimi nimeshachomwa?" aliuliza. Mpaka leo tukikumbuka sauti yake miguu inatuishia nguvu. Hatukuwa wazembe usiku ule, wala hatukuwa na haraka. Tulikuwa tumelala saa nne tu mchana, katika nyumba yenye watoto, na akili ilikuwa imefungwa macho yakiwa wazi.

Usiku mwili haukai kimya kama taa iliyozimwa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na ndani yake mna usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto. Katika usingizi mzito mtoto hutoa kwa wingi homoni ya kumkuza. Katika ule wa ndoto macho huchezacheza chini ya kope, ilhali misuli mingine imelegezwa ili tusiinuke na kutenda tunayoyaota. Hayo ya macho yalielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Huo ulegevu wa misuli ndio unaotuelezea jinamizi. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Mtu huona chumba chake, husikia hata jogoo, lakini hawezi kuinua kidole. Huhisi uzito kifuani, na kwa kuwa ndoto haijaisha, huona mtu amesimama mlangoni. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilitikiswa na habari za popobawa, watu wakawa wanakesha nje kwa makundi kwa kuogopa vitanda vyao, na wapo waandishi waliochunguza habari hizo ambao waliona jinamizi ndilo chanzo cha sehemu yake. Kwa kawaida hali hiyo hupita kwa dakika chache na haiui. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Kwa hiyo, dada, kabla hujamshuku jirani au mama mkwe, jaribu kwanza kulala kwa ubavu na kulala mapema kwa majuma mawili.

Usingizi unapogoma

Kukosa usingizi usiku mmoja mmoja si ugonjwa. Tunaanza kuita ugonjwa pale mtu anapopata nafasi ya kulala lakini akashindwa, walau mara tatu kwa juma, kwa miezi mitatu, na mchana ukaharibika. Dawa za kulewesha si tiba ya kwanza. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye shida hii aanze na mafunzo ya kubadili mawazo na mazoea ya usingizi, na vidonge viwe baadaye, kwa muda mfupi, kama mafunzo hayakutosha. Jina lake ni la kitaalamu lakini mambo yenyewe hata mama asiye na umeme anaweza kuyafanya.

La kwanza ni saa ya kuamka. Chagua saa moja na uishike kila siku, Jumapili na sikukuu, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Watu hujitahidi kuwahi kulala. Sisi tunasema shika asubuhi kwanza, usiku utafuata. La pili, kitanda kiwe cha usingizi na cha unyumba basi, kisiwe mahali pa kupigia hesabu za duka wala kusoma ujumbe wa simu. Ukiona umekaa kama dakika ishirini bila kulala (usitazame saa, kadiria tu), ondoka. Keti kwenye kigoda gizani, usifanye la maana, urudi pale tu kope zinapokuwa nzito. Ukishindwa tena, ondoka tena. Majuma mawili ya kwanza ni mateso, tusiwadanganye.

La tatu hushangaza wengi. Mtu anayelala saa tano lakini anakaa kitandani saa tisa hufundishwa kupunguza muda wa kitandani hadi saa tano na nusu hivi, ili usingizi ujikusanye uwe mzito, kisha anaongeza dakika 15 kwa juma kadiri unavyotengemaa. Jambo hili asilifanye peke yake mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, wala dereva wa masafa. Hao wamwone daktari kwanza.

Chai na kahawa je? Tunajua tunagusa pabaya. Tangu tunapoamka ubongo hukusanya kemikali ya uchovu iitwayo adenosini, na kafeini huziba milango ambayo kemikali hiyo hupitia. Kwa watu wengi nusu ya kafeini huchukua saa tano hivi kuondoka mwilini. Kikombe cha rangi ulichokunywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku nusu yake bado imo. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo siku hizi hata watoto wa shule wananunua, ni habari hiyo hiyo. Pombe nayo humlaza mtu upesi na kumwamsha usiku wa manane.

Sasa vile vidonge. Diazepam ina kazi zake hospitalini, na tumeiona ikiokoa mtoto aliyekuwa akikakamaa kwa degedege. Lakini kwa usingizi wa kila siku mwili huizoea, na kinachotosha mwezi huu hakitoshi mwezi ujao. Tena hukaa mwilini muda mrefu: anayeimeza saa nne usiku anavuka nayo barabara asubuhi. Bibi akiitumia, anguko moja huweza kumvunja nyonga. Wala usiitupe siku moja ukiwa umeitumia kwa miezi, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata degedege. Hupunguzwa polepole kwa mpango wa daktari. Piriton nayo, ambayo akina mama humpa mtoto "alale", ni dawa ya mzio. Kumlevya mtoto nayo ni hatari, tunasema bila kuficha.

Mama yetu yule alipelekwa kwa daktari, akapunguziwa dozi kidogo kidogo kwa miezi minne. Lakini kidonge hakikuwa mwanzo wa shida. Alikuwa anadaiwa fedha za mchezo, mchezo wetu sisi wenyewe, na zamu zake mbili zilikuwa zimepita. Kila usiku saa nane alikuwa akizihesabu. Ndiyo maana hakuja kikundini. Tulikaa, tukamgawia malipo kwa miezi kumi. Usingizi haukurudi siku hiyo, lakini alisema angalau kichwa kimepata mahali pa kusimama.

Anayekoroma

Mke wa dereva mmoja wa lori alitueleza, akicheka, kwamba amehamia sebuleni kwa sababu ya mkoromo. Tulipomuuliza kama mkoromo huo hukatika, aliacha kucheka. "Unakatika, halafu kimya. Nahesabu. Siku moja nilifika ishirini na tano ndipo akashtuka kama aliyetolewa majini." Baba huyo alikuwa na presha isiyoshuka kwa dawa, kichwa kilimuuma kila asubuhi, na alikwisha kusinzia kwenye usukani mara mbili.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini anayekata pumzi hivyo, koo lake hulegea na kujifunga usiku, hewa ya oksijeni hupungua, moyo hushtuliwa mara nyingi mno. Ugonjwa huu huwapata wanene zaidi, na akina mama baada ya kukoma hedhi huongezeka. Dawa ya uhakika kwa walio na hali nzito ni mashine yenye barakoa inayosukuma hewa puani isiache koo lifunge. Ilielezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Ni ya gharama, na si kila hospitali inayo. Yapo mengine: kupunguza uzito, kuacha pombe, kulala kwa ubavu. Mke yule alishona mfuko mgongoni mwa fulana ya mumewe akatia mpira mdogo, kila akigeuka chali unamchoma. Desemba 2024 Marekani iliruhusu dawa ya sindano iitwayo tirzepatide kwa wanene wenye ugonjwa huu. Mgonjwa aanzie kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa, na dereva aseme ukweli kazini kwake kabla ya safari nyingine.

Mtoto anayekoroma kila usiku, analala kinywa wazi na kukojoa kitandani, achunguzwe tonsili na nyama za puani. Mara nyingi upasuaji humsaidia sana.

Wako pia wanaosumbuliwa na miguu. Jioni wakilala huhisi kama sisimizi wanatembea ndani ya ndama za miguu, na hawapati nafuu mpaka watembee. Wajawazito hupata sana. Mara nyingi akiba ya madini ya chuma imepungua, hata kama wingi wa damu unaonekana si mbaya, basi omba upimwe. Vidonge vya kliniki usivimeze na chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Na mjamzito aliyefikisha wiki 28 aanze usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Kulala chali kumeonekana kuongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Akiamka amejikuta chali asiogope, ageuke tu.

Kuna mmoja hatutaki asubiri kabisa. Mama aliyejifungua siku chache zilizopita, mtoto amelala, mazingira kimya, lakini yeye halali usiku wa pili na wa tatu, wala hachoki, anaongea kwa kasi, anasikia sauti au ana mashaka ya ajabu kuhusu mtoto. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake na mtoto. Ni ugonjwa, unatibika, na kuchelewa kumewapotezea watu uhai.

Neno moja kuhusu mikesha, kwa kuwa tunaulizwa. Tunaipenda na tunakwenda. Lakini mwenye kifafa asikeshe, maana kukosa usingizi huamsha degedege hata kwa anayemeza dawa vizuri. Na anayewarudisha watu kwa gari alfajiri awe amelala.

Kabla hujaenda zahanati chukua daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki. Kwa siku kumi na nne andika saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulilala, mara ngapi uliamka, saa uliyoamka, na ulichokunywa jioni. Muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma. Beba pia pakiti za dawa zote unazotumia, hata ile aliyokupa jirani.