Ngoma ya Majilio na Daftari la Nyama

Katika nchi hii ya Buganda senene ndio wanaotangulia kuitangaza Krismasi. Mwezi wa Novemba, ambao Waganda wameuita Museenene kwa heshima ya mdudu huyo, taa kali huwashwa usiku juu ya mabati yaliyosimamishwa kuzunguka mapipa, na anga la viunga vya Kampala huonekana kama linawaka moto. Asubuhi akina mama huketi barazani wakinyonyoa mabawa na miguu, na harufu ya senene wanaokaangwa huingia hata katika ofisi za wakubwa. Mvua za vuli zikishaanza kupungua, shule zikafungwa na watoto wakajaa njiani, ndipo ngoma ya kanisa inapoanza kusikika kwa namna nyingine. Mpigaji ni yule yule na ngozi ni ile ile, lakini masikio ya watu yamebadilika.

Kanisa ninalotaka kulieleza liko katika kijiji kimoja kando ya Barabara ya Gayaza, upande wa Wilaya ya Wakiso, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa jiji. Kukiita kijiji yataka ujasiri kidogo siku hizi, kwa kuwa migomba na mibuni iliyokuwapo imekatwa, na mahali pake zimeota nyumba za ghorofa zenye kuta ndefu na mbwa wakali. Hata hivyo wazee wangali wanakiita kijiji, nami naliona neno hilo ni halali kwa sababu moja: akifa mtu hapo, watu huja bila kuitwa.

Ndugu msomaji atanisamehe nikimrudisha nyuma kidogo, kwa maana kanisa la kijijini katika nchi hii lina asili ambayo vijana wengi hawaijui. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika katika baraza la Kabaka Mutesa I tarehe 30 Juni 1877. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, aliteremka Kigungu karibu na Entebbe pamoja na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879. Wageni hao hawakujua Kiganda. Lugha waliyokutana nayo barazani, ambayo wakuu wa Kabaka walikuwa wameshaizoea kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, ilikuwa Kiswahili. Na maneno ya Injili yaliyosomwa kwanza na vijana wa ikulu yalikuwa ya Kiswahili, yaliyotafsiriwa huko Unguja. Biblia nzima ya Kiganda, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta, haikukamilika mpaka mwaka 1896.

Baada ya mateso ya miaka ya 1885 na 1886, baada ya Namugongo na baada ya vita vya dini, palitokea mwamko mkubwa mnamo Desemba 1893. Pilkington alikuwa amejitenga kisiwani Kome katika Ziwa Viktoria, akarudi Mengo akiwa mtu mwingine, na katika mwaka uliofuata walimu wa Kiganda walitawanyika vijijini, wakajenga vibanda vya matete vya kusomea. Hivyo vibanda ndivyo mama wa makanisa ya vijijini. Watu hawakwenda huko kusali kwanza, walikwenda kujifunza kusoma. Na hadi leo Mganda akiulizwa Jumapili anakwenda wapi, hujibu kwamba anakwenda kusoma. Makanisa makuu yenyewe hayakuwa na bahati bora. Lile la Namirembe liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, la baadaye likateketezwa na radi mwaka 1910, na hili la matofali tulionalo leo likawekwa wakfu mwaka 1919. Lile la Rubaga lilifuata mwaka 1925. Kibanda cha matete kilijengwa upya kwa siku 2 au 3, bila kumwandikia mtu wa Ulaya barua ya kuomba fedha.

Hapa niseme jambo ambalo hunichekesha kila mwaka. Wakazi wengi wa Kampala hukitazama Kiswahili kwa jicho la pembeni. Watakuambia kwamba ni lugha ya askari na ya wezi, na mimi niliye askari hunyamaza nikangoja nione wameniweka upande gani. Lakini waulize siku iliyo kubwa kuliko zote katika mwaka wanaiitaje. Watajibu kwa furaha: Ssekukkulu. Neno hilo si jingine ila siku kuu, lililovaa mavazi ya Kiganda. Na asubuhi ya Ssekukkulu mwanamume atavaa kanzu, neno la pwani, akiwa ameshika ekitabo, neno la pwani, akiharakisha asichelewe ssaawa ya ibada.

Basi turudi Barabara ya Gayaza. Majilio huwa na Jumapili 4, na katika kanisa letu kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya kufagia makaburi na kupaka chokaa mawe ya njiani. Ya pili ni ya Umoja wa Akina Mama, ambao huja wamevaa gomesi nyeupe, vazi ambalo husemekana lilianza kushonwa na fundi wa Kigoa kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, jirani zetu hawa hawa, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ya tatu ni ya watoto na mchezo wao wa Betlehemu, ambamo kila mtoto hutaka kuwa Herode kwa sababu Herode hupewa upanga. Ya nne ni ya mnada. Asiyekuwa na fedha ya sadaka huleta mkungu wa ndizi, mayai, jogoo au fenesi, na baada ya ibada vitu hivyo hupigiwa mnada nje chini ya mwembe. Nimeona yai moja likinunuliwa, likarudishwa mezani kama sadaka, likanunuliwa tena, mpaka likawa na thamani ya kuku aliyelitaga. Wenye nyumba za ghorofa walipoanza kuhudhuria mnada huo, ndipo wazee waliposema kwamba sasa ni wanakijiji.

Kwaya hufanya mazoezi usiku, na hapo ndipo hutokea manung'uniko ya wahamiaji wapya wasiopenda kelele. Miaka ya 2020 na 2021 hapakuwa na kelele yoyote. Amri ya kutotembea usiku kwa ajili ya ugonjwa wa korona ilifuta mikesha yote nchini, na waliokuja kanisani mchana walihesabiwa mlangoni kama kondoo. Mzee wetu wa ngoma aliniambia kwamba usiku ule wa 2020 alikaa kitandani akipiga mdundo kwa vidole juu ya goti, ili mkono usisahau.

Tangu mabomu ya Kampala ya Novemba 2021, na hasa baada ya polisi kuzuia njama za kulipua makanisa mwaka 2023, langoni petu nako husimama vijana wawili wakipekua mifuko. Kazi yangu jeshini ni ya uhusiano na wananchi, na kwa hiyo huulizwa mara nyingi kama kuna hatari. Hujibu kwamba tahadhari si hofu. Bibi mmoja aliyekuwa akileta kuku kwa ajili ya mnada alipoambiwa afungue kikapu, alifungua, kuku akatoka, na walinzi pamoja na nusu ya kwaya wakamkimbiza hadi kwa jirani. Ibada ilichelewa kuanza.

Jambo lililonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni daftari la nyama. Katika vijiji vingi vya huku watu huunda chama, wakachanga kidogo kidogo tangu Januari, na Desemba wakanunua ng'ombe mmoja mzima, maana bei ya nyama buchani hupanda sikukuu inapokaribia. Chama chetu kina wanachama 30, na kila mmoja hutoa shilingi 2,000 baada ya ibada ya Jumapili kwa majuma 50. Sheria ni moja: asiyetimiza mchango wake hurudishiwa fedha zake bila nyama. Sheria hiyo ilitungwa na watu waliowahi kudhulumiwa, wala siilaumu.

Mwaka jana mama mmoja, mjane wa askari aliyefariki akiwa kazini, alisimama kuchanga mwezi wa Septemba. Mtoto wake alikuwa amelazwa kwa malaria kali, na chama cha kuzikana na kusaidiana, kile tunachokiita munno mukabi, kilikuwa kimeshamsaidia kulipa hospitali. Katika daftari alikuwa na shilingi 78,000. Zilipungua 22,000.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe baada ya mnada. Mmoja alisema sheria ni sheria. Mwingine alisema huyu tumeshamsaidia mara moja mwaka huu, na wapo wengine waliopungukiwa wasijitokeze kwa aibu. Wa tatu, kijana mwenye duka, aliuliza kwa sauti ya upole iliyouma zaidi kuliko ukali: "Kwani huyu si mke wa jeshi? Serikali haimtunzi?" Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa nimevaa kanzu siku ile, lakini nilihisi kana kwamba nimevaa sare.

Nilijibu kwamba pensheni ipo, na huja, ila watoto ni 4, na pensheni haijui malaria itaingia mwezi gani. Halafu nikatia mkono mfukoni. Shilingi 22,000 si fedha nyingi kwa afisa. Mzee wa ngoma, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kustaafu, akanishika mkono kabla haujatoka. "Afande, weka fedha zako," akasema. "Ukilipa leo, mwakani watakungojea wewe. Na ukihamishiwa Karamoja watamngojea nani?"

Naungama kwamba niliudhika. Nilikumbuka Krismasi yangu ya kwanza mbali na nyumbani, nilipokuwa mwanafunzi wa uafisa kule Kabamba, ambapo tulikula wali na maharagwe baada ya gwaride, na mwenzangu mmoja aliyekuwa na kipande cha nyama ya kukausha alichotumiwa na mama yake alikikata vipande 9 kwa kisu cha bunduki. Hakuna aliyemwuliza kuhusu sheria. Lakini mzee alikuwa na jambo lake. Kambini tulikuwa 9, tukijua kwamba mwaka ujao kila mmoja atakuwa mahali pengine. Kijijini watu hubaki wakitazamana kwa miaka 40.

Wakati sisi tunabishana, mama mwenyewe, ambaye tulimdhania yuko jikoni na wenzake wa Umoja, alikuwa amesimama nyuma ya shina la mwembe. Alipiga magoti kusalimu kama ilivyo desturi, kisha akasimama. "Wazee wangu, msinigawie huruma," akasema. "Nikopesheni. Deni hilo liandikwe mwaka ujao pamoja na mchango wangu mpya. Na daftari hilo nipeni mimi, kwa sababu nimelitazama, na Juni imejumlishwa mara mbili."

Pakawa kimya. Daftari likaletwa. Mwandishi wetu wa siku nyingi, mtu mwaminifu sana ambaye macho yake yameanza kumtoroka, alitoa miwani akaipangusa, akahesabu, akahesabu tena. Juni ilikuwa imejumlishwa mara mbili. Katika mkoba wa chama palikuwa na pungufu ya shilingi 240,000 ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, na ambayo haikuibwa na mtu yeyote: ilikuwa haijawahi kuwapo. Dalali wa ng'ombe alikuwa anakuja Jumanne. Ilibidi watu wote 29, pamoja na mwenye duka, pamoja na mimi, waongeze shilingi kadhaa papo hapo, na wengi hawakuwa nazo wakaandikiwa deni. Kwa hiyo jioni ile nusu ya chama ilikuwa katika hali ya yule mama, na sheria ikaahirishwa bila kupigiwa kura.

Ng'ombe alichinjwa alfajiri ya tarehe 24. Majani ya migomba yalitandazwa nyuma ya kanisa katika mistari 5, mafungu 6 kila mstari, na kila fungu likapata kipande cha ini, kipande cha utumbo, mfupa na mnofu, kwa mkono wa mtu asiye mwanachama ili pasiwe na mashaka. Watoto walikimbia na mafungu yao yanayotoa mvuke katika baridi ya asubuhi. Ngoma ikalia kuwaita wanakwaya waje kufanya mazoezi ya mwisho.

Jumapili iliyopita, ya kwanza ya Majilio ya mwaka huu, nilipita huko nikitoka zamuni. Mama yule alikuwa ameketi chini ya mwembe, daftari jipya mapajani, kalamu mbili nywelini, moja ya buluu na moja nyekundu. Deni lake la mwaka jana lilikwisha mwezi wa Aprili. Nilimsalimu, akanijibu vizuri, akauliza habari za nyumbani na za kazi. Kisha akafunua ukurasa, akaniwekea kidole kwenye jina langu, ambapo palikuwa na alama nyekundu 3 za mwezi wa Novemba.