Funguo za M-Pesa hatarini katika tarakilishi za pamoja

WANAFUNZI wa uundaji programu wanaotumia tarakilishi za pamoja Likoni, Kisauni na Changamwe, iwe katika saiba au maabara ya chuo, wengi hudhani kuwa wakifunga dirisha la kazi, siri zao zimefungwa pia. Sivyo.

Lugha ya Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka wa 1991, ina kifasiri, yaani programu inayopokea amri moja baada ya nyingine na kuzijibu papo hapo. Tangu toleo la 3.4 la mwaka wa 2014, kifasiri hicho katika mfumo wa Linux huziandika amri zote katika faili iitwayo .python_history. Kwa kuwa jina lake huanza kwa nukta, faili hiyo haionekani katika orodha ya kawaida.

Kwa mwenye tarakilishi yake, hilo ni jambo la manufaa: hubonyeza kishale cha juu, na amri ya jana ikarejea. Hatari huwapo pale watu wengi wanapotumia akaunti moja. Chukua mfano wa kijana anayeunganisha programu ya duka la Mtongwe na M-Pesa kupitia huduma ya Daraja ya Safaricom. Akichapa funguo za siri za duka katika kifasiri, mteja atakayeketi baada yake anaweza kuzisoma.

Kinga ni rahisi. Katika baadhi ya matoleo, ukianzisha kifasiri kwa amri python3 -I, kumbukumbu hiyo haihifadhiwi, ingawa maktaba ulizojiwekea katika akaunti yako hazitapakiwa. Kwa wanaotumia Node.js, NODE_REPL_HISTORY ikiwekewa thamani tupu kabla ya kuanza, kumbukumbu huzimwa. Aidha, ni heri siri ichapwe kupitia getpass ya Python, ambayo haiionyeshi kwenye skrini wala kuiingiza katika kumbukumbu.

Je, aliyekwisha kuziacha funguo afanye nini? Afute faili hiyo, kisha aombe funguo mpya, kwani kufuta hakuondoi nakala iliyokwisha kuchukuliwa.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Fundi anayeshika funguo za duka la mwenzake amebeba amana hiyo.