Kutoka Mafunjo Hata Karatasi

Kila ajuaye kusoma hushika karatasi kila siku: barua, stakabadhi, gazeti, au daftari la mtoto wa shule. Wachache tu hukumbuka ya kuwa zamani karatasi haikuwako, na kwamba kitabu kimoja kiliweza kumaliza ngozi za ndama wa zizi zima.

Watu wa Misri ya kale waliandika juu ya mafunjo. Mmea huu uliota kando ya mto Nile, nao ni ule ule uotao katika vinamasi vya Uganda na kandokando ya Ziwa Victoria. Wamisri walimenya shina lake, wakakata moyo wa ndani kuwa vipande virefu vyembamba, wakavipanga sambamba. Juu yake walilaza vipande vingine kwa kuvikingamisha. Kisha waligandamiza vyote pamoja mpaka vikashikamana, wakavianika, na kuvilainisha kwa jiwe. Kurasa zilizopatikana ziliunganishwa zikawa msokoto mrefu.

Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kando ya Bahari ya Sham, wachimbuaji walipata maandishi ya mafunjo yenye umri wa miaka 4,500 hivi. Kati yake mna taarifa za kila siku za Merer, msimamizi wa mabaharia waliochukua mawe ya kujengea piramidi kuu ya mfalme Khufu. Wahenga husema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Daftari la Merer halikupotea, kwa kuwa jangwa ni kavu; penye unyevu mafunjo huoza upesi.

Katika nchi nyingine watu walitumia ngozi za kondoo, mbuzi na ndama. Ngozi ililowekwa katika maji ya chokaa, ikanyolewa manyoya, ikawambwa na kuparwa mpaka ikawa nyembamba. Ilidumu sana, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Na kwa vile kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, maskini hawakuweza kukipata.

Ukombozi ulitoka China. Mwaka 105, Cai Lun, mtumishi wa jumba la mfalme, alimwarifu bwana wake jinsi ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu. Vitu hivyo vilipondwa majini vikawa rojorojo, rojo ikachotwa kwa chekecheo, maji yakachuruzika, na utando uliobaki ukakaushwa. Ufundi huo ulifika Baghdad katika karne ya 8, na baadaye Waislamu wakaupeleka Hispania. Neno “karatasi” lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambacho kililipata kwa Wayunani. Kwao lilikuwa jina la ukurasa wa mafunjo. “Kalamu” nayo asili yake ni tete.

Karibu mwaka 1455, huko Mainz katika Ujerumani, Johannes Gutenberg alipiga chapa Biblia kwa herufi za madini zilizopangwa moja moja. Alitoa nakala 180 hivi. Nyingi zilikuwa za karatasi. Chache za ngozi, na kila moja ya hizo ilihitaji ngozi za ndama zaidi ya 100. Bila karatasi, mtambo wake ungalikuwa na faida ndogo.

Hata hivyo matambara hayakutosha. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alionyesha njia ya kusaga mti uwe karatasi, na bei ya vitabu ikashuka. Lakini unafuu huo una hasara yake: karatasi hiyo ya mti uliosagwa hugeuka manjano na kuvunjika kabla ya miaka mingi kupita.

Basi mwenye kitabu na akitunze. Asikiweke penye unyevu wala juani, akikung'ute vumbi, akiepushe na mchwa. Taarifa za Merer zililindwa na jangwa. Daftari lililomo nyumbani halina mlinzi ila mwenyewe.