Pipa la Asali Halitaji Lilikotoka

Pipa la asali linalofika ghalani Tabora mjini kutoka Sikonge au Urambo limechangiwa na warina asali wengi. Kila mmoja alitundika mizinga yake ya magome au magogo katika pori lake, akarina siku yake, akahifadhi kwenye ndoo yake. Asali ikishamiminwa pamoja, ndoo moja mbovu haitenganishwi tena na zile njema. Ndiyo maana nashikilia kwamba mnunuzi anayekagua mali mlangoni mwa ghala amekwisha kuchelewa. Ukaguzi wa msambazaji unapaswa kufika mzingani.

Wengi watajibu kwamba maabara ipo, basi inatosha. Ni kweli maabara inafanya kazi kubwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka unyevu wa asali ya kawaida usizidi asilimia 20, na ile kemikali iitwayo HMF, inayoongezeka asali ikipashwa moto au ikikaa sana, isizidi miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto. Vipimo hivyo husema asali ina maji mengi. Havisemi kama sega lilikatwa kabla nyuki hawajaliziba kwa nta, au ndoo iliachwa wazi usiku wa mvua, na bila kujua hilo kosa litarudi msimu ujao. Tena Tabora ni mkoa wa tumbaku, na nyuki huweza kwenda kilomita 3 na zaidi kutafuta chakula. Mrina asali anaweza kuwa mwaminifu kabisa, mizinga yake safi, huku jirani akipulizia dawa shamba ambalo nyuki hao hulipitia. Maabara hutafuta zile dawa ilizoagizwa kuzitafuta. Anayeweza kuiambia itafute nini ni mtu aliyesimama pale akaliona shamba. Umbali nao huzidisha hasara. Enzi za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, ushanga wa rangi isiyotakiwa bara uligeuka mzigo usiouzika, baada ya wapagazi kuubeba kwa wiki nyingi. Asali inayokataliwa bandarini ng'ambo imepita njia ndefu kuliko hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: nani atalipia mkaguzi azunguke miombo yote, na je, masharti hayatawafukuza wazalishaji wadogo? Hofu hiyo ina msingi, hasa pale ukaguzi unapokuwa rundo la fomu zinazojazwa siku mgeni anapotarajiwa. Lakini katika kilimo hai upo utaratibu uliokwisha kuzoeleka: kikundi hukagua wanachama wake chenyewe na kutunza kumbukumbu za kila ndoo, kisha mkaguzi wa nje hurudia sehemu tu ya kazi hiyo, kwa kuchagua mwenyewe atakaowatembelea. Gharama hugawanyika, na mrina asali hukaguliwa na mtu anayelijua pori. Napenda utaratibu huo uende mbele hatua moja. Mnunuzi anayelipa bei ileile kwa asali iliyoiva na isiyoiva, au anayechelewesha malipo hadi mrina akalazimika kurina mapema apate ada ya shule, anautengeneza mwenyewe ule unyevu anaoulalamikia. Kwa hiyo mkaguzi akitoka mzingani afungue pia daftari la mnunuzi, aangalie tarehe ya kupokea ndoo na tarehe ya kulipa.