Kuandika Maelekezo ya Kusakinisha Kamusi ya Tahajia katika Programu ya Kuandikia: Mfano wa Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuandika maelekezo yatakayomwezesha mtumiaji wa kompyuta wa Fizi na Baraka, katika mkoa wa Kivu Kusini, kusakinisha kifurushi cha nyongeza katika programu ya kuandikia. Kifurushi tulichokichagua ni kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na programu ni LibreOffice, ambayo hupatikana bila malipo tangu mwaka 2010. Hoja yetu kuu ni kwamba maelekezo yanayokoma pale kompyuta inapokikubali kifurushi hayajakamilika. Anayesakinisha kamusi ya tahajia humkaribisha mwamuzi wa lugha ndani ya maandishi yake. Hana budi kuambiwa mwamuzi huyo ametoka wapi, anajua nini, na mamlaka yake yanaishia wapi.

2. Lugha za mtumiaji

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inaitambua lugha ya Kifaransa kuwa rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Kutokana na hali hiyo, mwandishi wa Baraka mara nyingi hukabiliwa na lugha tatu kwa wakati mmoja: vitufe vya kompyuta viko katika Kifaransa, barua anayoiandika ni ya Kiswahili, na majina ya watu yaliyomo ni ya Kibembe.

Aidha, Kiswahili chenyewe kina sura zaidi ya moja. Katika mazungumzo ya mashariki ya Kongo husikika mutu na mutoto, palipo na mtu na mtoto katika Kiswahili sanifu. Husikika pia katoto na tutoto kwa udogo, na neno masomo kwa maana ya shule. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika iko Kigoma. Wakazi wengi wa Fizi waliokimbia vita vya mwaka 1996 waliishi katika kambi za Tanzania, na kuanzia mwaka 2005 wengi walirejeshwa kwa meli kupitia Baraka. Watu hao walirudi na tahajia na msamiati wa upande wa pili. Hivyo si ajabu kuiona barua moja ikiwa na maumbo ya pwani zote mbili za ziwa.

3. Yaliyomo ndani ya kifurushi

Kifurushi cha LibreOffice ni faili yenye kiishio .oxt. Ndani yake mna faili mbili za msingi. Ya kwanza, yenye kiishio .dic, ni orodha ya maneno. Ya pili, yenye kiishio.aff, hubeba kanuni za viambishi. Mfumo unaozisoma faili hizi huitwa Hunspell, na ulitungwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha yenye viambishi vingi.

Umuhimu wa kanuni za viambishi unadhihirika tukitazama kitenzi -ona. Tukichukua viambishi sita vya nafsi (ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-), vinne vya njeo (-na-, -li-, -ta-, -me-), na hali sita za yambwa, yaani -ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa- au kutokuwapo kwa yambwa, tunapata michanganyiko 144, ingawa baadhi haitumiki katika usemi wa kawaida. Hapo hatujagusa ukanushi, urejeshi wala minyambuliko. Ni dhahiri kwamba hakuna orodha itakayoyamaliza maneno ya Kiswahili.

Kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayotumika katika programu hii ilitolewa na Jason Githeko mwaka 2004, na hubeba alama sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye sura ya Kiswahili. Kazi hizi mbili zilikuwa hatua kubwa kwa lugha yetu. Hata hivyo, alama ile ya TZ isipuuzwe: inamwambia mtumiaji wa Fizi kwamba kipimo kimetoka kwa jirani.

4. Maelekezo yenyewe

Anayetaka kuandika maelekezo kwanza aketi kando ya mtumiaji, amwangalie akisakinisha bila kumsaidia, na aandike kila tendo kwa mfuatano wake. Mambo yafuatayo yasikosekane:

(a) Mtumiaji achunguze kwanza kama kamusi haimo tayari, kwa kufungua orodha ya nyongeza chini ya neno "Outils". Vifungashio vingine vya LibreOffice huja nayo.

(b) Isidhaniwe kwamba intaneti ipo. Maelekezo yaeleze namna ya kuipokea faili kwa fleshi, na yaonye kwamba .oxt haifunguliwi kama mkoba wa faili zilizobanwa, huachwa nzima.

(c) Vitufe vitajwe kwa maneno yaonekanayo kwenye skrini. Msomaji akiambiwa abofye "Ongeza" ilhali mbele yake pameandikwa "Ajouter", atasita, na pengine ataacha. Neno la Kifaransa litajwe kwanza, kisha maana yake ya Kiswahili.

(d) Leseni ikionyeshwa, msomaji aambiwe aishushe hadi mwisho, kwa sababu katika matoleo kadhaa kitufe cha kukubali hulala mpaka matini yote yapitiwe. Baadaye programu ifungwe na kufunguliwa upya.

(e) Matini yenyewe yatangazwe kuwa ya Kiswahili, kwa kubofya jina la lugha lililoko chini ya dirisha. Hatua hii ndiyo isahaulikayo mno. Ikirukwa, kompyuta huendelea kuyapima maneno ya Kiswahili kwa kamusi ya Kifaransa, na ukurasa mzima huwa mwekundu.

(f) Pawepo jaribio. Mtumiaji aandike neno sahihi na neno lililokosewa kwa makusudi, kisha abonyeze F7. Pasipo jaribio hajui kama amefaulu.

5. Maana ya mstari mwekundu

Hapa ndipo maelekezo mengi hukoma, na hapa ndipo madhara huanzia. Mstari mwekundu una maana moja tu: neno hili halimo katika orodha wala halitokani na kanuni zake. Mtumiaji asiyeambiwa hivyo huuchukua kuwa hukumu ya kosa, akabofya neno la kwanza analopendekezewa. Mwandishi katika nyumba ya kuchapishia maandishi anaweza kulibadili jina la ukoo katika cheti, au kijiji kama Lweba, Sebele, Swima au Kazimia katika ombi la shamba. Jina lililobadilika herufi moja laweza kumsumbua mwenyewe kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tunapendekeza maelekezo yafundishe mambo matatu. Kwanza, majina ya watu na mahali yaingizwe katika kamusi ya mtumiaji, ambayo faili yake hukaa katika mkoba uitwao "wordbook" na huweza kunakiliwa kwa fleshi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Pili, matini ya Kibembe yawekewe chaguo la kutokaguliwa, kwa kuwa kamusi ya Kiswahili haina la kusema juu yake. Tatu, mwandishi aamue kwa kusudi la maandishi. Barua itakayosomwa Kigoma au Nairobi yafaa ifuate usanifu. Ushahidi wa mzee, au hadithi iliyonaswa kama ilivyosimuliwa, ubaki na mutoto wake, kwani kuusahihisha ni kuuharibu.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba maelekezo mema huanzia kwa tendo la mtumiaji, hutaja maneno anayoyaona, na humfikisha kwenye uamuzi badala ya kumwacha kwenye usakinishaji. Faida yake ya mbali ni kubwa zaidi. Orodha ya majina na maneno itakayokusanywa Baraka, Mboko na Fizi ni malighafi ya kifurushi kingine, kwa kuwa .dic na .aff ni faili za maandishi matupu ambazo mwanafunzi yeyote mwenye subira aweza kuziandaa. Alama ya lugha nayo ipo: orodha ya kimataifa ISO 639-3 inakitambua Kiswahili cha Kongo kwa herufi swc. Kilichosalia ni kazi ya wanaisimu na wanafunzi wao kuyakusanya maneno hayo kwa uangalifu, kabla maandishi ya wilaya hiyo hayajanyooshwa yote kwa rula ya mahali pengine.